Kichuguu cha Mama Léonie

Chileshe hakuwa mtu mbaya, na asitokee mtu hapa wa kusema hivyo. Alisali rozari kila jioni, alifika kanisani kabla ya kengele, na Kwaresima ikiingia aliacha sukari, akaacha pombe, akaacha hata kucheka kwa sauti. Kasoro yake ilikuwa moja tu, nayo ni uyoga.

Elisabethville ya miaka ile, Kwaresima ilikuwa inaangukia katikati ya mvua, na mvua ndiyo iliyoleta uyoga. Ijumaa nyama ilikuwa marufuku kwa Wakatoliki. Samaki wakavu wa Kasenga nao walikuwa wanakwama njiani, huko Kasomeno, barabara ikiwa tope tupu. Basi Ijumaa pale cité, kwenye mitaa ya Waafrika, mtu aliketi mbele ya bukari, ndio ugali wa kule, na kando ya bukari kulikuwa na uyoga au hakuna kitu. Na ule uyoga mkubwa, ule unaoota kwenye kichuguu, ambao kofia yake inatosha kujikinga mvua, ulikuwa unaletwa na mtu mmoja tu: Chileshe, mama yake Léonie, mke wa Clément wa tanuru la shaba.

Aliutoa wapi? Hapo ndipo penye neno. Kila Alhamisi alfajiri Chileshe alijitwika kitunga chake akashika njia ya Luano, kule ndege zinakotua, huku akisalimia kila mlango ili watu wamwone vizuri. Akishapita nyumba ya mwisho alijitosa majanini, akazunguka kwa kufuata kijito, akaibukia upande mwingine kabisa, karibu na Ruashi. Waliojaribu kumvizia walirudi na tope hadi magotini. Marceline, jirani wa nyumba ya tatu, aliizunguka Luano mpaka walinzi wa uwanja wakamfukuza wakidhani ana wazimu.

Akirudi, alimkuta Nkandu anamngoja kwenye uzio. Nkandu alikuwa jirani wa ubavuni, mama wa watoto wengi na mwenye mdomo usiopumzika. Yeye alikuwa wa ukoo wa Mvua, na Chileshe wa ukoo wa Uyoga. Kwao watu wanajua maana yake: koo hizo mbili ni watani tangu enzi za mababu, kwa sababu bila mvua uyoga hauoti. Mtani anaweza kukusimanga mbele ya wakwe, anaweza kutia mkono katika kitunga chako mchana kweupe, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Chileshe alikasirika kila wiki, moyoni, huku meno yote yakiwa nje.

"Leta kodi," Nkandu alisema, akichagua kofia iliyo pana kuliko zote. "Ni miye nilikunyeshea."

"Kamata tu," Chileshe alijibu. "Ile mvua yako ya mwaka huu iko ya kubomoa nyumba za bantu."

Majirani wengine, wasio watani, walipata miguu. Ndiyo, miguu ya uyoga. Kabla ya Jumatano ya Majivu Chileshe alikuwa ameungama kwamba ana uchoyo kidogo, na Padri akampa kitubio: kila wiki awagawie majirani kitu anachokipenda. Chileshe akatii. Alikata kofia akaziweka kando, kisha akapita nyumba kwa nyumba akigawa yale mashina magumu, ambayo ukiyainjika mchana unayatafuna usiku. Alijiona amemaliza deni lake kwa Mungu, na tena kwa unyenyekevu.

Jumapili moja Padri aliposoma habari ya mikate mitano na samaki wawili, Nkandu hakuweza kuvumilia. Walipotoka tu nje alisema kwa sauti ya kumfikia kila mtu, "Yule mutoto wa mikate, angezaliwa mu ukoo wa Uyoga, bale bantu bote bangelala njaa. Ao angebapatia maganda."

Wanawake walicheka hadi wakashika ukuta wa kanisa. Chileshe naye akacheka, maana utani ndivyo unavyotaka, lakini neno lile lilimchoma na halikutoka. Njia nzima alitembea mbele ya wenzake bila kugeuka.

Wiki hiyohiyo ndiyo wakwe walileta habari kwamba wanakuja. Léonie alikuwa amechumbiwa na Rigobert, kijana wa familia ya reli iliyotoka Kongolo, na alimpenda hivi kwamba siku hizo alikuwa anajisahau, mboga anaitia chumvi mara mbili. Mama yake Rigobert, Mama Jeanne, alichagua Ijumaa kwa sababu mumewe angekuwa ameshuka kwenye treni. Na Mama Jeanne alikuwa anajulikana. Alikwisha kumkataa binti mmoja, mzuri, fundi wa kushona, kwa sababu tu tangu walipofika mpaka walipoaga hakuna jirani hata mmoja aliyeingia kusalimia.

"Nyumba jirani haingii," Mama Jeanne alisema siku ile, "mutoto wangu hatakula pale."

Léonie alilijua neno hilo. Jumatano jioni aliketi karibu na mama yake, akaanza kuchambua mchicha ambao ulikuwa umekwisha chambuliwa.

"Mama, kesho kutwa nani atatusaidia?"

"Nitapika miye."

"Na kukaa nabo? Nani atabapokea?"

Chileshe aliinama akapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Nani angekuja kwake? Wale aliowalisha mashina? Aliona hofu, hofu ya kweli, kwamba mtoto wake atalia kwa sababu yake. Kisha akajituliza: atapika uyoga mwingi sana, mtamu sana, hata Mama Jeanne asipate nafasi ya kuinua macho na kutazama nani yupo na nani hayupo.

Alhamisi alfajiri alisalimia milango yote ya njia ya Luano, akazunguka kama kawaida, akafika. Jamani. Kichuguu kilikuwa cheupe toka chini hadi juu. Hakuwahi kuona kitu cha namna ile. Chileshe alipiga ishara ya msalaba, akapiga magoti, akachuma mpaka kitunga kikafurika, na bado uliobaki ungejaza vitunga vingine vingi. Akavunja matawi akaufunika uliobaki, asije mpita njia akauona. Kisha akarudi nyuma hatua chache ili atazame kama umefichika vizuri, na mguu ukazama kwenye shimo la muhanga, yule mnyama anayefukua vichuguu usiku kutafuta mchwa.

Alijaribu kusimama, kifundo kikakataa. Alijaribu tena, akaketi kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Akamtukana muhanga na wazazi wake. Halafu akafungua kinywa kuita msaada, akakumbuka: akija mtu, atakiona kichuguu. Kwa hiyo Chileshe aliita kwa sauti ya chini. Aliita hivyo kwa muda mrefu, na ni wazi hakuna aliyemsikia.

Mchana mvua ikashuka. Akachukua kofia moja kubwa akajifunika kichwa. Pale chini ya uyoga ndipo akili ilipomjia: hakuna atakayemkuta. Cité nzima ilimwona akienda Luano. Kwa miaka alikuwa amefanya kazi kubwa ili mtu asijue yuko wapi, na kazi hiyo ilikuwa imefanikiwa. Alianza rozari, lakini kila Salamu Maria ilikatwa na sauti ya Nkandu ikisema habari ya maganda. Akalia kidogo. Alijisikia mpweke, na alijua upweke huo ameutengeneza kwa mikono yake.

Majani yakatikisika. Nkandu akatokea, gunia kichwani, akitembea moja kwa moja bila kutafutatafuta. Akasimama, akamtazama mtani wake chini ya ile kofia.

"Uyoga ya leo iko mukubwa," alisema. "Lakini huu hapa nazani uko na sumu."

"Umenifuata," Chileshe alisema.

"Nikufuate juu ya nini? Bote bako Luano banakutafuta. Ba mama yote ya parokia. Marceline anaita jina yako mu majani tangu muchana, na ile mvua. Léonie analia. Miye nikasema, hapa sasa niende kule eko kweli."

"Ulijua namna gani?"

"Hii kichuguu? Naijua tangu mvua ya mwaka juzi. Nilikuya kutafuta kuni, nikakuona umepiga magoti. Nilizani unasali."

Chileshe alimkazia macho. "Mwaka juzi. Na haukuchuma?"

"Hata moja."

"Juu ya nini?"

Nkandu alichuchumaa, akaanza kukipapasa kile kifundo kilichovimba. "Kile nakamata mu kitunga yako, nakamata mbele ya macho yako. Unaona, unanuna, tunacheka. Ule ni utani. Kukamata nyuma yako ni wizi. Na kusema kwa benzangu, hapana. Siri ilikuwa yako. Nilikuwa nangoja useme weye mwenyewe."

Chileshe aliinamisha macho kwenye kitunga chake. Aibu ilimpanda hadi masikioni, na pamoja na aibu kulikuwa na kitu kingine, chenye joto, kwamba kumbe miaka yote hiyo alikuwa na rafiki wa namna hii upande wa pili wa uzio. Alitaka kusema asante, yakatoka makamasi tu.

"Sasa sikia," Nkandu aliendelea. "Nitakutegemeza, tupite njia yako ya kijito, utokee upande wa Luano. Batasema wamekuokota kule. Miye nitarudia kitunga. Kesho wakwe batakula, na kichuguu itabaki yako. Nimenyamaza mpaka leo, sitashindwa kunyamaza tena."

Lilikuwa ndilo jambo ambalo Chileshe angeliomba, kama angethubutu kuomba. Siri yake ingebaki nzima. Akayatazama matawi aliyoyavunja asubuhi. Akawafikiria wale wanawake, wenye meno yaliyochoka kwa mashina yake, wamelowa, wanaita jina lake mahali asipo. Wangemwona amerudi, wangempa pole, kisha wangekwenda zao na vitunga vitupu, na kesho ni Ijumaa. Na yeye angezipokea pole zao. Ilimuuma, na mtu asidanganye kwamba haikumuuma, kwa maana kichuguu ukishakitaja hakirudi kuwa chako.

"Nkandu," alisema. "Enda ukabaite."

"Nani?"

"Bote. Babebe vitunga."

Nkandu aliacha kupapasa kifundo. "Hata Marceline?"

"Marceline mbele ya bote. Na toa ile matawi, inaniuzi."

Mara hiyo moja tu katika maisha yake Nkandu hakuwa na utani mdomoni. Alitoa matawi, akamwachia gunia lake, akaondoka mbio.

Walifika kundi zima, wamelowa hadi mifupani. Marceline alitangulia. Alimtazama Chileshe, akakitazama kichuguu cheupe, akageuza shingo taratibu upande wa Ruashi, halafu upande wa Luano iliyo mbali huko.

"Luano," alisema. "Mama Léonie. Walinzi walinikimbiza na mbwa."

"Unisamehe," Chileshe alisema. "Munisamehe bote. Mashina pia munisamehe."

Marceline alitaka kununa, akashindwa. Kicheko kilimtoka puani kwanza, kisha kikamkunja, na wengine wakashindwa kujizuia. Wakachuma. Chileshe, ameketi pale chini na gunia mabegani, akawaelekeza: kata, usingʼoe, ile midogo iache, itakuwa ya wiki ijayo. Kwa kuwa sasa kungekuwa na wiki ijayo ya watu wote, alijishangaa anavyoieleza kwa furaha. Kisha wakambeba mgongoni kwa zamu, wakiimba wimbo wa Kwaresima kwa haraka isiyo ya Kwaresima kabisa, na wakashika njia iliyonyooka. Chileshe alishangaa kuona jinsi ilivyo fupi. Hakuwahi kuipita.

Ijumaa hakuweza kusimama, sembuse kusonga bukari. Aliketi kwenye kiti mguu juu ya kigoda, na kazi ilifanyika mbele yake bila kuombwa: Marceline kwenye moto, Nkandu kwenye kelele, wengine wakifagia, wengine wakileta viti vya kwao. Mama Jeanne alipofika ilibidi asimame mlangoni kwanza mpaka apatiwe nafasi ya kupita. Mumewe alikalishwa kati ya watu asiowajua waliomsalimia kama ndugu.

Mama Jeanne alikula. Alikula sana. Mwisho aliinua kichwa akauliza, "Hii uyoga munaitoa wapi?"

Kila mwanamke alitazama sahani yake, maana neno hilo lilikuwa la Chileshe mwenyewe kulijibu. Ndipo Nkandu, mbele ya wakwe, aliponyoosha mkono akainyakua kofia kubwa kutoka kwenye sahani ya Chileshe. Chileshe akamwona. Akachukua na ile ya pili, iliyobaki, akaiweka juu ya ya kwanza.

"Kamata na hii," alisema. "Umeninyeshea muzuri." Kisha akamgeukia mgeni. "Iko upande wa Ruashi, mama ya Rigobert. Alhamisi ukuye na kitunga, tutakupitisha. Angalia shimo tu."

Mama Jeanne aliwatazama wanawake wale mmoja mmoja, bila haraka, hadi kwa Marceline aliyesimama na mwiko mlangoni. Akafuta mikono, akamwambia mumewe, "Sema sasa kile kilituleta."

Kule nyuma, kwenye sufuria ya pili, Léonie akatia chumvi mara ya tatu.