Shingo ya Mkwe

Kila mtu ana mchawi wake, na wachawi wa Sufian walikuwa madereva wenye simu. Miaka sita alikuwa akiendesha pikipiki ya umeme katika jiji la Guangzhou, akizunguka kukagua mizigo ya wateja wake wa Dar es Salaam, na katika miaka hiyo aliona mambo. Alimwona dereva wa teksi akitazama tamthilia huku machozi yanamtoka. Alimwona mwanamke akijipaka wanja kwenye kioo cha gari, gari linatembea. Alimwona bwana mmoja wa gari la mizigo akila tambi kwa vijiti, bakuli limekaa juu ya usukani, na bado anapiga honi kana kwamba mkosaji ni wewe. Ukikaa naye chai atakusimulia wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka chai ipoe.

Basi aliposikia kwamba Bi Kazija anakuja Guangzhou kununua vitambaa, alifurahi na kuogopa kwa pamoja. Bi Kazija alikuwa na duka Darajani, Unguja. Alikuwa pia na binti aitwaye Ilham, na alikuwa na barua ya posa ambayo wazee wa Sufian waliivukisha bahari kutoka Temeke miezi mitatu iliyopita. Barua hiyo haikuwa imejibiwa. Si ndiyo, si hapana. Mzee Ussi, babaake Ilham, alisema jambo hilo amemwachia mkewe, na mkewe akasema atamtazama kijana kwanza.

Usiku wa kuamkia siku ya kukutana na Bi Kazija, Ilham alimtumia Sufian ujumbe wa sauti.

"Sikiliza, mwenzangu. Mama ana mambo mawili. La kwanza, hapendi mtu anayemjibu kwa kisogo. Akisema nawe, mgeukie, mtazame usoni, ndivyo alivyotulea. La pili, hawataki hata kuwasikia madereva wazembe. Si unajua mguu wa baba, ule anaochechemea? Ni dereva wa lori la mchanga huyo, anahesabu chenji huku anaendesha, akawavaa baba na mama wakiwa juu ya vespa. Mama tangu siku ile hajapanda tena kitu cha magurudumu mawili."

Sufian aliusikiliza ujumbe ule mara nne. La kwanza aliliweka moyoni. La pili alilipokea kama zawadi, maana kama ni kuwasema madereva wazembe, mji mzima hapakuwa na wa kumshinda.

Kesho yake, saa nane za mchana, Sufian na Bi Kazija walikuwa nje ya majengo ya nguo ya Shahe. Ilikuwa Julai. Joto la Guangzhou mwezi huo halina tofauti na la jiko la shughuli, pale wali wa watu mia tatu unapopaliwa makaa. Bi Kazija tangu asubuhi alikuwa ameshagombana na malaoban, yaani wenye maduka, watatu, na kupatana na wote watatu, na sasa alitaka kwenda Zhongda, ng'ambo ya mto, kutazama vitambaa vya sare za harusi. Sufian alitafuta teksi kwenye simu. Simu ikamwambia mbele yake kuna watu arobaini na wawili.

"Na hicho chako?" Bi Kazija aliuliza, akiinyooshea kidole pikipiki.

"Hicho, mama? Mama si hupandi?"

"Nani kakwambia? Miaka ishirini sijapanda, ndiyo. Leo nitapanda."

Hapo palikuwa na tatizo. Sheria ya mji hairuhusu mtu mzima kubebwa nyuma ya pikipiki ya umeme. Mtoto mdogo sawa, mama mkwe hapana. Sufian aliijua sheria hiyo kama anavyolijua jina lake, na akajaribu kuisema.

"Mama, polisi wa hapa..."

"Polisi wa nini? Kwani nnakwenda kuiba?"

Ungekuwa wewe, ungesema nini? Sufian alifungua kiti akatoa kofia ya pili. Ilikuwa ya pinki na ilikuwa na masikio ya paka, kwa sababu siku aliyoinunua dukani ilibaki hiyo hiyo. Bi Kazija aliigeuza mara mbili mkononi, akaiangalia, akamwangalia na kijana, kisha akaivaa juu ya ushungi wake na kuifunga kidevuni.

"Wallahi leo nimekuwa kinyago," alisema. "Haya, twende."

Hawajafika hata mita mia moja mama akaanza.

"Sufiani!"

"Naam, mama!" Akageuka, shingo na bega, akamtazama usoni kama alivyofundishwa.

"Babaako anafanya kazi gani?"

"Ni fundi bati, mama." Akarudi mbele.

"Sufiani!"

"Naam, mama!" Akageuka tena.

"Yuhai, mzima?"

"Yuhai, mzima, alhamdulillahi."

Aliulizwa habari za mama, za dada, za bibi mzaa mama aliyeko Kilwa na meno yake. Aliulizwa kama anajua kupika na kama anakoroma. Kila swali lilikuwa na mwito wake, kila mwito ulikuwa na "naam" yake, na kila "naam" ilikuwa na shingo yake. Pikipiki ilikuwa inakwenda njia iliyonyooka lakini nyayo zake zilikuwa za mlevi. Wapeleka vyakula waliovaa fulana za njano walimpita kulia na kushoto, na mmoja wao akamwambia neno ambalo kwa bahati Bi Kazija hakulielewa.

Karibu na daraja, gari jeupe lilianza kuhama taratibu kuingia upande wao. Dereva aliinamisha kichwa, uso wake umeangaziwa na simu. Wakati huo huo Sufian alikuwa amegeuka, anaeleza kwamba yeye hakoromi ila akilala chali. Dereva anatazama simu, Sufian anamtazama mama mkwe, na barabara haina wa kuitazama.

"Mbele!" Bi Kazija alipiga ukelele.

Sufian alikamata breki zote mbili. Kioo cha gari kilipita kwenye kiwiko chake, kikamgusa kwa moto kama kijiko cha chai, na gari likaenda zake. Mwenye gari hakujua kwamba amekutana na mtu.

Sasa Sufian akaipata nafasi yake. Aliondoa pikipiki na mhadhara juu. "Umeona, mama? Umeona watu hawa?" Akageuka. "Simu, mama! Mtu mzima, gari la thamani, macho yote kwenye simu!" Akageuka tena. "Mimi huwa nasema, barabara ni kitu cha kutazamwa!" Na hilo nalo alilisema ameipa barabara kisogo. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa amelibeba mpaka darajani.

Bi Kazija alimshika shati kwa nyuma, mikono miwili.

Walipokuwa wanashuka daraja, upande wa Zhongda, njia ilijaa. Mikokoteni ya majora ya vitambaa, pikipiki za matairi matatu zimelemewa, watu wanavuka wanapotaka. Hapo ndipo swali lilipokuja.

"Sufiani. Huyo mwanangu, nikikupa, utamweka wapi? Huku ugenini au kwenu?"

Ni swali alilolingojea miezi mitatu. Jibu lake alilitunga, akalipanga, akalisema mbele ya kioo cha bafuni: nyumba ya Temeke, chumba cha wageni, tiketi ya kwenda kwao Unguja kila mwaka. Shingo yake ilishaanza kugeuka. Lakini kabla haijafika nusu, alisikia kitu mgongoni mwake. Vidole vya Bi Kazija, vilivyoshika shati, vilikuwa vinatetemeka.

Sufian aliona haya, haya ya kweli, iliyomchoma zaidi ya lile jua. Mwanamke huyu alikuwa anaogopa tangu Shahe. Na yeye alikuwa anamwonyesha adabu.

Akairudisha shingo. Mbele yao kulikuwa na gari dogo la mizigo, la buluu, linakwenda upande upande bila kuwasha taa ya kuonyesha, na dereva wake ameinama kama anayesoma msahafu.

"Sufiani, nnakuuliza!"

Kimya. Alipunguza mwendo.

"Sufiani! Umekuwa kiziwi?"

Kimya. Gari la buluu lilikata ghafla, likaingia njia ya pikipiki, likapita pale pale ambapo wangekuwa kama asingepunguza. Dereva alikuwa anaichekea simu yake. Sufian alisimama mpaka lilipopita lote, akatazama kushoto, akatazama kulia, ndipo akaondoka.

Nyuma hapakuwa tena na mwito. Sufian akajua kwamba barua imejibiwa. Kumwita mtu mara tatu, mtu mwenyewe amekupa kisogo, na ni mkweo! Hata huko Temeke wasiposikia, yeye mwenyewe alijihukumu. Moyo ulimwuma, na jinsi ulivyokuwa unamwuma ndivyo alivyozidi kukodoa macho mbele.

Filimbi ililia kwenye njia panda.

Polisi alikuwa kijana, jasho limemlowesha mgongo mzima. Alimtazama Sufian, akamtazama Bi Kazija na masikio yake ya paka, akatikisa kichwa. "Bu xing," alisema. Haiwezekani. Akaeleza kwamba mtu mzima habebwi, na kwamba kuna njia mbili: kulipa faini, au kuvaa kizibao cha kung'aa na kusimama pale nusu saa na bendera ndogo nyekundu, kuwasaidia wengine wasifanye makosa.

Sufian alitafsiri huku anatamani ardhi ipasuke. Ukweli ni kwamba Bi Kazija hata hakumngoja amalize.

"Bendera," alisema. "Na mie nipe yangu."

"Mama, kosa ni langu mimi peke yangu."

"Nani aliyepanda? Nipe yangu."

Basi wakasimama, kizibao cha kung'aa juu ya shati, kizibao cha kung'aa juu ya buibui. Taa ikiwa nyekundu, bendera mbele, pikipiki zote zinasimama nyuma ya mstari. Sufian aliishika yake kama aliyefiwa. Bi Kazija aliichukulia kazi kama alizaliwa nayo. Dereva mmoja alisimama taa nyekundu akatoa simu, naye akamsogelea dirishani akamgongea kioo kwa kijiti cha bendera. "Wewe! Weka chini hicho! Una watoto wewe?" Dereva hakujua hata neno moja la Kiswahili, na aliiweka simu chini mara moja. Polisi akamletea Bi Kazija chupa ya maji na kumwinulia dole gumba.

Taa ilipokuwa kijani na kazi imepungua, Sufian alimgeukia, mikono ameikunja.

"Mama, nisamehe. Umeniita mara tatu nikakunyamazia. Nimekosa adabu."

"Ilham alikuhadithia habari ya lori?" aliuliza Bi Kazija, kama hakusikia.

"Lililomvunja mzee mguu? Ndiyo, mama."

"Lori halikuwepo."

Sufian alimtazama.

"Palikuwa na gari la ng'ombe. Limesimama pembeni ya njia, na ng'ombe mwenyewe anakula majani. Mie nipo nyuma ya vespa, naogopa, na mie nikiogopa husema. Nikamwita: Ussi! Akageuka. Mume wangu ana adabu, hajanijibu kwa kisogo siku hata moja. 'Naam, mke wangu?' Tukaingia na vespa yetu ndani ya gari la ng'ombe." Alikunywa maji kidogo. "Unajua nilikuwa nnamwuliza nini? Kama amenunua nazi. Nazi, Sufiani. Mguu wa mume wangu kwa nazi mbili."

Kicheko kilimpanda Sufian kooni. Alimwangalia machoni, na kicheko kikashuka chenyewe.

"Watu walipouliza hospitali, yeye akasema lori. Alinistahi mie. Miaka ishirini anatukanwa dereva wa lori, mji mzima, na dereva mwenyewe hajazaliwa." Bi Kazija alijifuta uso kwa ncha ya ushungi, na haikujulikana kama ni jasho. "Husema ajali haina kinga. Ile ilikuwa nayo. Ilikuwa shingo tu. Wanangu hawajui, na wewe hujui."

"Sijui, mama."

"Leo ulipokuwa unageuka geuka, nilikuwa nnamwona Ussi. Nataka kukwambia acha, ulimi hautaki, unatoa maswali tu. Mara ya kwanza uliponinyamazia nilikasirika, sikufichi. Mara ya tatu nikaliona lile gari la buluu."

Taa ikawa nyekundu. Sufian alirudi mstarini upesi, bendera mbele, na pikipiki zikaanza kujipanga.

"Sasa," sauti ya Bi Kazija ilisema nyuma yake, "hiyo barua yenu ya posa."

Shingo ya Sufian ikaruka yenyewe.

"Tazama mbele!"

Akatazama mbele. Mpeleka vyakula mmoja alikuwa anataka kuupita mstari, akamzuia kwa bendera. Masikio yake yote mawili yalikuwa nyuma.

"Waambie wazee wako waje," alisema Bi Kazija. "Mahari tutazungumza, mie si mtu wa makuu. Na siku ukimpakia mwanangu kwenye kitu hiki, huko ambako sheria inaruhusu kupakiana, akikuita usigeuke. Hata akilia. Umesikia, mwanangu?"

Machozi yalimjaa Sufian, njia panda nzima ikawa na taa mbili mbili, na hakuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa na bendera na mwingine ulikuwa unamzuia yule mtu wa vyakula.

"Nimesikia, mama," alijibu kwa kisogo.