Maua Kichwani, Kofia Mkononi

Mzee Ngatama alikuwa mwana wa shemasi Taraare na mjukuu wa Uritaua fundi wa mihimili ya kanisa, watu ambao kijiji kizima cha Arorangi hakikupata kuwasuta. Wote wawili walilala mbele ya baraza lake, kwa kuwa katika kisiwa cha Rarotonga watu huzikwa nyumbani. Kaburi la tatu lilikuwa la mwanawe Pira, aliyeanguka na pikipiki akiwa kichwa wazi.

Jumamosi hiyo Tepaeru, binti wa Pira, alikuwa anakwenda harusini. Leseni ya pikipiki alikuwa ameipata juzi tu.

“Kofia ngumu, mjukuu wangu,” alisema mzee kwa sauti iliyochoka.

“Babu, nikiivaa, taji hili la maua litakuwa mboga. Bibi amelisuka tangu alfajiri.”

“Litie kikapuni. Utalivaa ukifika.”

“Nifike harusini kama mende?”

“Mende hafi upesi.”

Tepaeru akacheka. “Lakini ni hapo tu, Babu. Kona mbili.”

“Baba yako naye alikuwa anakwenda hapo tu.”

Binti akavaa kofia, akapanda pikipiki yake. Alipopita lango alisimama, akaivua, akaitundika kwenye usukani, akajivika maua. Mzee aliyaona yote kutoka barazani. Hakupiga kelele, kelele alikwisha kuzimaliza kwa Pira. Akawasha pikipiki yake kuukuu, akamfuata.

Mvua ya asubuhi ilikuwa imemwaga mchanga kwenye kona ya pili. Tepaeru akashtuka, akabana breki ya mbele peke yake, kosa la kila anayeanza, na gurudumu likateleza. Mzee alimkuta ameketi ukingoni, damu ikimchuruzika usoni, maua yametapakaa kwenye lami.

“Babu, usiseme.”

“Sisemi. Nitazame. Mimi ni nani?”

“Babu yangu mkali.”

Mzee akashusha pumzi, akamfunga jeraha kwa leso.

Vijana sita wenzake Tepaeru, nao wakienda harusini, wakasimamisha pikipiki zao, mataji vichwani, kofia zikining'inia mikononi. Mmoja akashuka kusaidia. Wengine wakataka kuzunguka wapite.

Mzee akasimama katikati ya barabara.

“Huyu, Mungu amemnusuru. Msimjaribu Mungu tena kwa vichwa vyenu. Vueni maua, vaeni kofia, mzifunge kidevuni. Mimi ni mzee na nimechoka, lakini hapa siondoki. Nisikilizeni, enyi vijana. Vaeni.”