Mashua Iliyojazwa Maji Nchi Kavu

Fundi cherehani aliipenda ile mashua kabla hata hajaigusa. Rangi yake ya buluu ilimlevya, na moyoni alikwisha kujiona akivusha abiria mtoni, cherehani akiwa amemwachia mdogo wake. Lakini alikuwa amefuatana na shemeji yake, kaka wa mkewe, seremala wa vyombo vya majini, mtu asiyebabaishwa na rangi.

"Shemeji, unanunua mashua au unaposa?" seremala alimuuliza. "Mbona unaitazama hivyo?"

Mashua ilikuwa imepandishwa juu ya magogo. Seremala akaomba ndoo, akaanza kuijaza maji kwa ndani.

"Bwana wee, maji hukaa nje ya chombo," muuzaji alimtania.

"Pale yatakapotokea, ndipo yatakapoingilia."

Ndoo ya kumi na mbili ilipomiminwa, tone lilidondoka kutoka chini, kwenye mkuku, lile gogo refu linalobeba chombo kizima. Likafuata la pili, kisha yakatiririka.

"Mbao zimekauka tu," alisema muuzaji. "Zikilowa zitabana."

"Sawa, tungoje."

Walingoja hadi adhuhuri, maji yakizidi kutiririka. Ndipo seremala akachomeka kisu kwenye mkuku, nacho kikazama kama kwenye ndizi mbivu.

Fundi akamgeukia muuzaji. "Kaka, wanao huwa unawavusha kwa hii?"

Muuzaji alikuna kidevu. "Wanangu hupita darajani."

Fundi akaokota ndoo, akamrudishia mwenyewe taratibu. "Na abiria wangu nao ni watoto wa watu."