Msimu wa Kisimani

Tegua hiki kwanza, ndipo tuendelee: mgeni wangu hajapiga hodi, lakini chakula chake kimeshaota. Ni nini hicho?

Fikiri taratibu, sikukimbizi. Umeshindwa? Wengine hapo wangekudai mji. Mimi mji mzima nitaufagia na nani? Nipe sikio tu, linatosha. Jibu ni tuta la mgeni, na tuta hilo huwezi kulijua mpaka nikueleze shamba lenyewe.

Lilikuwa shamba la umma, mali ya manispaa, kongwe kuliko barabara zote zinazolizunguka. Mji ulilikuta pale pale, ukalizingira kwa gereji, maduka na nyumba za ghorofa, nalo likabaki katikati limetulia kama bibi kwenye sherehe ya vijana. Lilikuwa na ghala la mawe, kisima chenye pampu ya mkono, na vipande vya kulima vilivyofuatana kando ya ua, kimoja baada ya kingine, mpaka vinarudi vilikoanzia. Kila mwaka mvua zikikaribia, watu walihama. Unachukua jembe lako, ndoo yako na maneno yako, unasogea kipande kimoja mbele, na aliye nyuma yako anaingia ulipotoka. Nani alianzisha, hakuna aliyejua. Walichojua ni kwamba huhami mpaka uache tuta moja lenye mboga zilizokwisha kuota, ili anayeingia asianze na mikono mitupu. Hilo ndilo tuta la mgeni.

Sasa, vipande vile havikuzaliwa sawa. Bora kuliko vyote kilikuwa cha kisimani: udongo mweusi, mlaini, na maji unayafikia bila hata kufunga kanga vizuri. Na kilichokifuata, sijui aliyepanga alikuwa na utani na nani, kilikuwa cha vyura. Kilikuwa bondeni. Maji yote yaliyomwagika pampuni yaliteremkia huko, ukilima kandambili zako zinabaki nyuma kwenye tope, wewe unaendelea mbele. Ukitoka kisimani, unaingia kwa vyura. Kupita kando hakuna.

Mwaka huo aliyekuwa kisimani ni Mama Mkubwa. Ndivyo alivyoitwa na wote, hata na waliomzidi umri. Alikuwa mpishi wa shule ya msingi mpaka alipostaafu, na kukoroga masufuria ya watoto mia kwa mwiko mrefu kama kasia kulimwachia mabega ya bondia na magoti ya kulalamika. Mara ya mwisho alipolima hapo kisimani, mwanawe wa kwanza alikuwa mgongoni. Sasa mwana huyo ana upara. Alikuwa ameusubiri msimu huo kama mtoto anavyosubiri ukoko wa sufuria.

Mbele yake, kwa vyura, alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe, fundi viatu. Nyuma yake, akingojea kuingia kisimani, alikuwa mshonaji, mama wa mapacha, kwenye kipande cha changarawe ambako hata mchicha huota kwa kinyongo.

Ndipo manispaa ikamtuma afisa mipango aje kupanga nao mustakabali wa shamba. Alikuwa dada kijana, mwenye adabu, siku ya kwanza alikuja na raba nyeupe, siku ya pili na mabuti ya mpira. Aliwakusanya ghalani, akatandaza ramani juu ya magunia, akawauliza wanataka shamba liwe vipi miaka ijayo. Wakasema: paa lisivuje, choo kipya, njia nzuri ya wanafunzi wanaokuja kutembea.

"Mimi naomba vyura wahamishiwe makao makuu," alisema fundi viatu.

Afisa akaandika, kisha akakiangalia alichoandika, akakifuta. Ghala zima likacheka.

Halafu akatoa zawadi yake. Kwa nini mnahama kila mwaka kama watu wanaofukuzwa? Mpango mpya, alisema, utampa kila mmoja kipande alichonacho sasa, moja kwa moja. Kibao chenye jina lake mbele. Ataweza kupanda hata mti wa matunda, na mjukuu atarithi kulima.

Moyo wa Mama Mkubwa ulipiga vigelegele. Uso wake aliuacha ukae kama uko msibani.

Pale shambani ilikuwepo desturi nyingine: anayelima kisimani ndiye husema mwisho, na lake ndilo hufunga kikao. Waliotangulia waliona kwamba aliyeshiba ndiye apewe kazi ngumu ya kuamua. Kwa hiyo wote wakamgeukia, na afisa, aliyekwisha kufundishwa desturi, akamwuliza kwa heshima, "Mama Mkubwa, unasemaje? Mkae au mhame?"

"Nimeacha sufuria motoni," alisema Mama Mkubwa, akainuka.

"Moto gani?" fundi viatu akauliza. "Si umekula kwangu sasa hivi?"

Lakini alikwisha kuufikia mlango, na kwa mara ya kwanza mwaka huo magoti hayakulalamika. Afisa akasema basi, waujaribu kwanza. Vibao vikawekwa, kila mtu akae kama kwamba ameshakaa milele, na kabla ya mvua angerudi kusikia jibu.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Mama Mkubwa alileta kiti cha plastiki, akakiweka chini ya kibao chake, akakaa akitazama bamia zake kama mtu anayetazama arusi ya mwanawe. Alichagua mahali pa kupanda mlimau. Alichagua na mahali pa kukaa kivulini mlimau ukikua, ingawa alipopiga hesabu ya umri wake aliamua kuongeza mwavuli.

Kisha wakaja watu wa maji.

Zamani waliingia moja kwa moja, wakapampu, wakatia maneno. Mtu alikuwa akikwambia, hapo mimi nilipanda biringanya zikakataa, wewe unatafuta nini? Wengi walikwisha kulima pale, kila mmoja na lake la kusema. Sasa walisimama nje ya kibao.

"Hodi, Mheshimiwa. Tunaomba maji."

"Tangu lini kisimani kunapigwa hodi?"

"Tangu kuna kibao, Mheshimiwa."

Walisema hivyo wakitabasamu, na yeye akacheka nao. Siku ya pili akacheka kidogo. Wiki iliyofuata aliwaambia anayeitwa Mheshimiwa hayupo, amekwenda bungeni, na wao wakamjibu basi watamsubiri hapo hapo nje.

Aliyemuuma zaidi ni shemeji yake. Tangu msimu uanze, fundi viatu hakuwa ameruhusu asubuhi ipite bila kupanda kutoka bondeni kuja kukagua kile kipande alichomwachia. Alikuwa akisimama mikono nyuma kama mkaguzi wa elimu. "Shemeji, hili tuta au kaburi?" Au: "Kaka yangu alikuoa kwa mapishi, sasa naelewa." Mama Mkubwa naye alimrudishia yake, na kazi ikaenda. Baada ya vibao hakuja tena. Alipita na ndoo, akasema shikamoo, akapita.

Mama Mkubwa akamtegea. Alipiga matuta mapya yaliyopinda vibaya mno, moja limeingia kwa jirani yake kama mlevi, na kwenye lile lililopinda kuliko yote akapanda vitunguu kichwa chini. Akakaa kwenye kiti chake, akajifanya anachambua mchele.

Fundi viatu alikuja. Alisimama. Macho yalikwenda na tuta mpaka mwisho, yakarudi. Mdomo ulifunguka. Mama Mkubwa alikuwa tayari na jibu, limekaa ulimini.

"Haya," alisema fundi viatu. "Shamba lako, shemeji."

Akachota maji yake, akaenda.

Alasiri hiyo Mama Mkubwa alivua kandambili, akazishika mkononi, akateremka kwa vyura. Alimkuta anapanga mawe kwenye tope, njia ya kupita, moja baada ya jingine, kwa umakini wa mtu anayebandika soli.

"Unajenga?"

"Si nimeshakaa milele? Nimeanza na vyura, nimewapa majina. Yule mnene pale, anayefoka bila sababu, ni Mama Mkubwa."

"Na yule mkavu, anayejificha majani yakitikisika?"

"Huyo ni mgeni. Hatujafahamiana bado."

Wote wawili wakacheka, na kwa kitambo ikawa kama zamani. Kisha Mama Mkubwa akauliza, "Shemeji, sema ukweli wako. Unataka nikae au nihame?"

Fundi viatu akalibonyeza jiwe kwa kisigino. "Uliulizwa wewe, si mimi."

"Mimi nakuuliza wewe."

"Ukihama kule, unaingia hapa. Na magoti hayo. Nitakwambia nini, karibu uzame? Kaa shemeji. Mimi tope nimelizoea, hata miguu imekuwa laini, wateja wananiuliza napaka nini."

Alisema kwa mzaha, lakini hakumtazama. Mama Mkubwa akaona mabuti yake, ya fundi viatu mzima, yamechanika pembeni. Alipanda kurudi kwake polepole, akipumzika njiani mara kwa mara, na kila alipopumzika alisikia magoti yakimwambia: umesikia mwenyewe, amesema ukae.

Kisimani alimkuta mshonaji anajaza ndoo. Hakuwa amemwona Mama Mkubwa akija. Huku mkono mmoja ukipampu, macho yalikuwa yanatembea juu ya kipande chote, yakienda na kukatisha, kama anayetazama kitambaa kabla ya kutia mkasi.

"Ungepanda nini hapa?" Mama Mkubwa akamwuliza.

"Hapa?" Mshonaji aliacha kupampu. "Hapa ningekata mshazari, maji yashuke yenyewe. Nyanya upande huu, karoti kule kwenye mchanga, pembeni pote maboga kama pindo. Wanangu nishawaambia ile kona ni yao, wataweka..." Akaishika ndoo vizuri. "Samahani. Ni kipande chako."

"Umepanga lini yote hayo?"

"Tangu tulipoingia shambani, Mama Mkubwa. Huwa napanga nikipampu."

Akajitwisha, akaondoka kuelekea kwenye changarawe yake, na maji yakimwagika kidogo kila hatua. Mama Mkubwa akakaa kwenye kiti chake cha plastiki. Alitazama kona ile ya mapacha. Ilikuwa ndiyo aliyoichagulia mlimau.

Afisa alirudi mawingu yalipoanza kukusanyika. Paa la ghala lilikuwa limeshaidhinishwa na choo pia, kwa hiyo watu walimpokea vizuri. Akatandaza ramani yake. Kila mmoja akasema, na kila mmoja akasema nusu: vibao ni vizuri, lakini, kuhama kunachosha, ila, tumsikilize wa kisimani. Afisa akafunga kalamu, akageuka.

"Mama Mkubwa, leo jikoni ni salama?"

"Leo nimezima," alisema.

Watu wakacheka, kisha wakatulia. Mama Mkubwa hakuinuka. Alimtazama shemeji yake aliyekaa kwenye gunia karibu na mlango, miguu ameificha chini.

"Wewe fundi," alisema, "nikija kwa vyura, wewe utakuwa umesogea mbele yangu, kule penye jua. Utakuja kunisaidia kuchimba mfereji?"

Fundi viatu alikuna kidevu. Aliona wote wanamtazama. Akamtazama shemeji yake mara moja, vizuri, akauona uso wake.

"Kuchimba, sijui," alisema. "Nitakuja kila asubuhi, nisimame pakavu, nikutazame unavyokosea. Kwa vitunguu nilivyoona, nitahitaji na kiti."

"Uliviona?"

"Nililala navyo, shemeji. Nilikuwa nageuka kitandani nasema, mtu mzima anawezaje."

Ghala likaangua kicheko, na Mama Mkubwa akacheka mpaka akajifuta macho kwa pembe ya kanga. Mshonaji peke yake hakucheka. Alikuwa amelishika pindo la gauni lake kwa mikono yote miwili, anangoja.

Afisa naye alingoja, kisha akauliza tena, taratibu, kwa sababu ndiyo kazi yake: "Sasa niandike nini, mama? Mnakaa au mnahama?"

Mama Mkubwa aliegemeza mikono kwenye mapaja, akasimama.

"Tunahama," alisema. "Na uandike haraka, mwanangu, kabla magoti hayajasikia."