Watatu kwa Kila Watano

Miaka thelathini na moja nilihesabu magunia bandarini Kigoma, na sikukosea ila mara moja tu, siku kiboko alipopanda meli na tiketi ya daraja la pili, nami nikamwandika kama mzigo. Alinuna safari nzima mpaka Kalemie, ng'ambo. Basi nilipostaafu nikahamia Rusimbi, na watu wa mwalo wetu wa kushushia samaki, huku kusini kidogo mwa Ujiji, waliponiita niwahesabie vichwa, nilikwenda na kalamu sikioni na shati la harusi.

Ukweli ni kwamba ningekwenda hata kama ni kuhesabu mawe. Pale mwaloni alikuwapo Révérienne. Sisi tulimwita Reveri. Alitoka Burundi akiwa na miaka tisa, akakulia huku, akaolewa huku, akamzika mume huku, na sasa alikuwa akianika dagaa wa tajiri Oswald pamoja na wanawake wenzake ishirini na tisa, wote wa kutoka kwao. Mimi mke wangu alifariki miaka minane iliyopita. Kila asubuhi nilinunua kopo moja la dagaa kwa Reveri, nikae nimpigie hadithi, acheke. Dagaa nyumbani walifika usawa wa dirisha. Paka wa mtaa wa Katubuka walihamia kwangu kwa mafungu, na mmoja aliniuliza bei ya kiwanja.

Vichwa vilihesabiwa kwa sababu ya kamati ya mwalo. Kila watu ishirini na watano hutoa mjumbe mmoja. Upande wa Leonardi, mpinzani wa Oswald, ulikuwa na wavuvi hamsini na mmoja: wajumbe wawili, hakuna ubishi. Upande wa Oswald, wavuvi thelathini na wawili: mjumbe mmoja. Na Oswald aliwataka wawili. Kila mtu alijua kwa nini. Mwenyekiti ni shemeji yake. Akipata wajumbe wawili, kura zinalingana, shemeji anaamua, naye anauchukua uwanja wa kuanikia na kuugeuza maegesho ya maroli ya barafu.

Zilikuwa siku za mbalamwezi, taa haziwavuti dagaa, boti hazitoki, kwa hiyo kikao kilianza asubuhi na kila mtu alikuwa amelala vya kutosha kugombana.

"Waanikaji wangu ni watu au si watu?" Oswald aliuliza. "Wahesabiwe wote thelathini!"

"Ni watu wakati wa kuhesabu," Leonardi akamjibu. "Wakati wa kura je?"

"Kura ni ya mwenye kitambulisho cha taifa. Hilo linajulikana."

"Basi hesabu na boti zako. Hesabu na yule mbuzi wako, tena ana akili kuliko shemeji."

Watu wakacheka. Nyuma yetu wanawake walikuwa wakigeuza dagaa juu ya chanja, kimya, masikio yakiwa kwetu. Reveri alikuwa ameshika reki hajaisogeza. Nami, mzee mzima, nikatamani anione msomi. Nikanyoosha mkono.

"Waheshimiwa, jambo hili Wamarekani walishalimaliza."

Nina kitabu cha historia yao kisicho na jalada wala kurasa arobaini za mwanzo, nilikiokota kwenye kasha la chupa mwaka wa mafuriko. Nikawaeleza. Walipokuwa wakiunda serikali yao, majimbo ya kusini yenye watumwa wengi yalitaka watumwa wahesabiwe, ili yapate viti vingi bungeni. Ya kaskazini yakasema, mtu mnayemnunua kama ng'ombe, leo amekuwa raia? Wakabishana kiangazi kizima, mwisho wakakubaliana: kila watumwa watano wahesabiwe kuwa watatu.

Kicheko kilisikika ng'ambo Kongo. Wa kwanza kunyamaza alikuwa Oswald. Nilimwona akikunja vidole.

"Thelathini wanakuwa kumi na wanane," akasema polepole. "Jumlisha na thelathini na wawili..."

"Hamsini," nikasema. Mtu akinitajia hesabu mdomo hujibu wenyewe.

Leonardi alinitazama kama anayetazama wavu uliochanika. Lakini jua lilikuwa limepanda, na watu wake wenyewe walianza kusema si mbaya, kila upande umeachia kidogo. Akapunga mkono. "Haya. Karani, andika. Kesho isomwe na kupitishwa."

Jioni ile nilimfuata Reveri kwenye chanja na hadithi mpya mfukoni, ya sangara aliyemeza redio akawa anatoa taarifa ya habari. Hakunipa nafasi.

"Karani, wale watumwa wa Marekani. Viti vile walikalia wao?"

"Hapana. Mabwana zao."

"Kwa hiyo mwenye watumwa wengi ndiye alikuwa na sauti kubwa."

"Ndiyo."

"Na sauti hiyo aliitumia kuwafungua?"

Niliichomoa kalamu sikioni, nikairudisha.

"Hata hapa Ujiji," akasema, "watumwa waliposhushwa mitumbwini na minyororo shingoni, walihesabiwa vizuri sana. Hakupotea hata mmoja." Akachukua dagaa, akamvunja kichwa, akakitupa. "Kichwa changu ndicho kitakachoninyang'anya uwanja. Ukinitoa mimi, hamsini inafika?"

"Haifiki."

"Basi nifute."

"Reveri, asiyekuwa kwenye orodha hana nafasi mwaloni. Sheria ni hiyo. Utakwenda wapi?"

"Kaka yangu Gahungu yuko Rumonge, kule Burundi. Kila mwaka ananiita."

Nikamsogelea. "Sikiliza. Niachie mimi. Nitakosea hesabu. Nitamzidisha huyu, nitampunguza yule, wewe utabaki. Mimi kuongopa najua."

"Oya, hapana, Thobias." Hakuwahi kuniita kwa jina kabla ya siku ile. "Ukiongopa, Oswald atahesabu upya, na hawa ishirini na tisa wataanika wapi? Kesho usiongope. Kesho moja tu."

Asubuhi nilisoma majina. Nilipofika la kwake, akasimama katikati ya wanaume waliokaa, akasema, "Mimi naondoka mwaloni. Nifutwe." Oswald akaruka: "Mama, kaa chini, hakuna aliyekufukuza!" Hapo tu ndipo akawa mama. Reveri hakukaa. Akanitazama mimi.

Nilipitisha kalamu juu ya jina lake mara moja tu, mstari umenyooka, kama nilivyofundishwa bandarini. Arobaini na tisa na vipande. Mjumbe mmoja. Uwanja ukabaki uwanja, na wanawake ishirini na tisa wakarudi kwenye chanja bila kushangilia.

Alipanda gari la Manyovu, mpakani, Ijumaa. Nilimbebea begi mpaka stendi. Nilitaka kumwambia jambo, dereva akapiga honi, nikamwambia ajihadhari na vibaka.

Juzi alinipigia simu. Niliusikia upepo wa ziwa, ziwa hilihili, upande wake.

"Karani. Mwaloni huku wananiita Mtanzania."

"Unaanika?"

"Naanika. Wameniambia orodha ipo, nisubiri. Na wewe, unanunua dagaa kwa nani?"

"Kwa mwenzako Inamahoro. Wana mchanga."

Akacheka, kisha kicheko kikaisha. Nilijua anasubiri hadithi. Zilikuwapo, zimepanga foleni. Nikaziacha zisimame.

"Reveri, siku zangu ni ndefu. Nashuka mwaloni kila asubuhi, nakutafuta."

Upepo ulivuma kwenye simu.

"Hiyo nayo ni katika zile zako?" akauliza.

"Hapana," nikasema. "Hiyo sijatunga."

Hakukata simu. Na mimi sikukata.