Kadi Iliyoisha Mwaka 1904

Mara ya tatu Dada Saa alipopanda kwa mkurugenzi, aliikuta barua yake imewekewa kikombe cha chai juu.

Fundi huyu wa kompyuta alibandikwa jina hilo kwa sababu wimbo wake ulikuwa mmoja. Mtambo wa ofisi huhesabu sekunde tangu 1970, na kisanduku cha kuwekea hesabu hiyo ni kidogo. Januari 2038 kitajaa, tarehe ziruke nyuma hadi 1901. Barua iliomba saini tu, aanze kukipanua. Asipoipata leo, kesho anahamishiwa kwenye printa, na hapakuwa na mwingine aliyejua kukipanua kisanduku.

"2038!" Mkurugenzi alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Binti yangu, hofu gani hiyo? Kamati imeshaundwa. Itakaa Desemba 2037."

"Mzee, mwezi mmoja hautato—"

"Chukua barua yako, mama."

Akashuka nayo, amenywea.

Sasa, mkurugenzi hakupenda foleni. Wafanyakazi wote hupewa kadi ya mlango ya mwaka mmoja, na kila mwaka hupanga foleni dirishani kuchukua mpya. Yeye asubuhi hiyo alikuwa ameagiza yake iandikwe mpaka siku ya kustaafu, Juni 2040. Mchana akatoka kula. Aliporudi, mlango ukamwashia taa nyekundu.

Mlinzi akachungulia skrini. "Mzee, kadi hii iliisha 1904."

"Unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua vizuri sana. Mtambo ndio unasema umechelewa."

Waliokuwa kwenye foleni nyuma yake wakainamia viatu vyao, mabega yakiwacheza. Dada Saa akaitwa mbio.

"Mwanangu, nirekebishie kadi."

"Kadi haina kosa, mzee. Tarehe yake imezidi kisanduku."

"Basi panua cha mlango huu peke yake!"

"Saa ya mtambo ni moja. Nikipanua, napanua yote." Akaitoa barua, duara la chai likiwa bado katikati.

Jua lilikuwa linamchoma mkurugenzi upara. Aliitazama barua, akautazama mlango, kisha akamgeuza mlinzi, akasaini juu ya mgongo wake.

"Haya, nifungulie!"

"Kazi yenyewe ni ya wiki tatu, mzee." Dada Saa aliikunja barua taratibu, akamwonyesha dirisha dogo pembeni ya jengo. "Kwa leo, kadi za mwaka mmoja wanatoa pale. Wa mwisho kwenye foleni ni yule mwenye shati la kijani."