Nyasi Zilizofika Magotini

Barua ya majuto ni sanaa, na mimi, kwa unyenyekevu wote, ni bingwa wake. Katika shule ya bweni ninakosoma kwa ufadhili nimemwandikia mkuu wa shule barua kumi na moja, ikiwamo ile ya mbuzi aliyekutwa maktabani, na bado sijafukuzwa. Kwa hiyo nilipofika nyumbani Toledo mwezi Juni, nikamkuta baba, Casimir Nowicki, ameikodolea macho karatasi tupu, nilijua nahitajika.

Kiwanda cha vioo kilimwachisha kazi Machi. Sasa alikuwa na kazi nyingine, ya mshahara mdogo, lakini mkopo wa nyumba haukuwa umelipwa kwa miezi mitatu. Benki ilitaka barua ya kueleza shida yetu. Ikiikubali, itatupunguzia malipo. Ikiikataa, nyumba itapigwa mnada.

"Nilikosa kazi," baba alisema. "Niongeze nini tena?"

"Baba, hiyo ni barua au risiti? Niachie mimi."

Nikaandika kurasa nne. Bibi, aliyefariki kabla sijazaliwa, nilimfufua ili afe tena, safari hii kwa baridi. Mama akasoma, mkono kiunoni.

"We mtoto, mimi nimeanza lini kukohoa damu?"

"Bado, Mama. Ila jiandae."

Tukaituma kwa faksi. Kisha nikasikia kwamba benki hutuma mtu kupiga picha nyumba za wadaiwa. Nikaona barua yangu inahitaji shahidi. Baba hukata nyasi kila Jumamosi kwa uaminifu uleule anaokwenda nao misa Jumapili, nikamzuia.

"Majirani watasema nini?"

"Watasema tuna shida, Baba. Si ndiyo tunayoitangaza?"

Nikafunga mapazia, nikaficha gari nyuma, nikaziba dirisha moja kwa ubao. Baada ya wiki tatu nyasi zilifika magotini. Mpiga picha akaja, akapiga mbili bila kushuka garini, akaenda zake. Nilijipongeza.

Jibu lilibandikwa mlangoni Jumatatu: nyumba imeonekana haina watu. Ijumaa vitasa vitabadilishwa, na mnada utaharakishwa.

Mama akapiga simu benki, akaiweka spika. "Tupo humu! Barua yetu je?"

"Ulipokewa ukurasa wa kwanza tu, mama, kwa hiyo haikushughulikiwa," dada wa benki akajibu. "Poleni sana kwa msiba wa bibi."

Mama akanitazama.

Baba akatoa mashine, akakata nyasi kwa saa tatu nzima, akang'oa ubao wangu. Kisha akaketi, akaandika mwenyewe:

"Nilipoteza kazi tarehe 4 Machi. Nina kazi tangu tarehe 2 Juni, mshahara umepungua kwa theluthi. Bibi aliyetajwa alifariki zamani. Hayo ya baridi aliyaandika mwanangu, naomba radhi. Tunaishi humu na tunataka kuendelea kuishi humu."

Akaambatanisha hati ya mshahara na picha yetu watatu tukiwa uani, akaituma. Alhamisi benki ikasimamisha mnada, ikatupa miezi mitatu ya majaribio kwa malipo madogo.

Juzi mpiga picha alipita tena. Nyasi nilikuwa nimezikata asubuhi, lakini baba alinisukumia mashine.

"Kata."

"Zimeshakatwa, Baba."

"Akuone."

Nikakata hewa tupu, mbele ya kamera, nikitokwa na jasho la kweli.